Wachina wametusoma, sisi je, tumewasoma?

Mezani pangu ipo tasnifu moja nene yenye jalada la buluu, nami siwezi kuisoma. Nayasema haya waziwazi, mimi niliyetunukiwa shahada ya uzamifu katika isimu na ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikiwakaripia wanafunzi wangu kwa uvivu wa kusoma. Tasnifu hiyo imeandikwa kwa Kichina tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nikiifunua, macho yangu huteleza juu ya safu za maandishi nisiyoyafahamu hadi yakutane na maneno machache ya herufi za Kirumi: engo, endo, enchogu. Hapo ndipo ninapotua. Ni maneno ya Ekegusii, lugha niliyoinyonya kwa mama: chui, simba, ndovu.

Aliyeiandika ni kijana wa Nyamira niliyepata kumfundisha katika shahada yake ya kwanza. Aliporejea kwa ajili ya shahada ya uzamili, alifika mbele ya jopo letu na pendekezo la utafiti lililotushangaza. Alitaka kulinganisha majina ya wanyamapori katika Ekegusii, Kiswahili na Kichina, na kuchunguza jinsi majina hayo yanavyofichua, au yanavyoficha, mtazamo wa watu kuhusu wanyama wenyewe. Kichina alikuwa amekianza kwa juhudi zake, jioni, kwa karo aliyoitoa mfukoni mwake. Jopo lilimuuliza maswali matatu. Nani atakayekusimamia? Wachina wanatuhusu nini sisi? La tatu liliulizwa kwa kicheko: na ukimaliza, utakula nini? Mimi nilikuwa kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni. Sikucheka, lakini wala sikufungua kinywa. Kijana akashauriwa atafute mada iliyo karibu na nyumbani. Akakusanya karatasi zake, akatushukuru kwa adabu, akaondoka. Mwaka uliofuata alipata ufadhili wa masomo nchini Uchina, na utafiti tulioukataa akaufanyia huko.

Siandiki haya ili nijitakase. Naandika kwa kuwa nimekuja kutambua kwamba mada ile ilikuwa karibu na nyumbani kuliko nyingi tulizozipitisha siku ile, na kwamba lile swali la nani atakayemsimamia lilipaswa kutuaibisha sisi, wala si yeye.

Chukua neno moja tu. Mwalimu wa Kiswahili, awe Ogembo au Nyansiongo, hufundisha pasipo kusita kwamba ndovu ana pembe. Katika Kichina kitu hicho huitwa xiangya. Xiang ni ndovu, na ya ni jino. Wao husema jino la ndovu, sisi twasema pembe ya ndovu. Kwa mujibu wa elimu ya wanyama, Wachina ndio waliosema kweli. Kile tukiitacho pembe ni jino la mbele la taya la juu, jino lisilokoma kukua, na sehemu yake imezama ndani ya fuvu. Mwindaji haramu hawezi kulitoa lote bila ya kumuua mnyama.

Lakini tazama jinsi ukweli wa neno ulivyoweza kuzaa uongo. Mwaka 2007 shirika la kutetea wanyama la IFAW liliwahoji Wachina kuhusu biashara hiyo, ikabainika kwamba takriban watu 70 katika kila 100 hawakujua kuwa ndovu huuawa ili meno yake yapatikane. Wengi walidhani huanguka yenyewe, kama meno ya utotoni. Na kwa nini wasidhani hivyo? Jino hung'oka, jingine likaota. Ndivyo lugha yao ilivyowaambia, na mfanyabiashara hakuwa na haja ya kuwasahihisha. Miaka michache baadaye shirika hilo hilo likabandika matangazo katika miji ya Uchina yaliyomwonyesha mwana-ndovu akimpasha mama yake habari njema kwamba ameota meno, huku mama akinyamaza kimya. Mchina aliyesoma tangazo lile alichomwa na neno la lugha yake mwenyewe. Jaribu kulifasiri kwa Kiswahili uone. Mwana-ndovu ameota pembe? Uchungu wote umetoweka, kwa sababu kwetu sisi neno jino halimo kabisa.

Tulikuwa tumefanya makubwa upande wetu. Mwaka 1989 Rais Moi aliziteketeza tani 12 za pembe hizo katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaziteketeza tani 105 mahali pale pale. Ulimwengu mzima ulitazama moshi. Mwishoni mwa mwaka 2017 serikali ya Uchina ililifunga soko lake halali la ndani. Sidai kwamba neno moja ndilo lililofunga soko. Siasa, mikataba ya kimataifa na sura ya nchi mbele ya mataifa vilikuwa na uzito wake. Nasema tu kwamba moto wetu ulizungumza na Mchina kwa lugha ambayo hatukujua anaisikiaje. Mtaalamu mmoja wa Kenya aliyebobea katika Kichina angalituambia mapema kwamba tatizo mojawapo limekaa ndani ya kamusi.

Huenda mwalimu wa Nyamira akauliza: ndovu na sisi wapi na wapi? Milima yetu imejaa watu, migomba na chai, na anayetaka kumwona ndovu lazima avuke mpaka aende Trans Mara. Lakini Mgusii hajawahi kuishi bila ya wanyama kichwani mwake. Abagetutu na Abanyaribari wanajinasibisha na chui, Abanchari na kiboko, Ababasi na Abamachoge na punda milia. Mzee wa Bonchari aliyezaliwa na kuzeeka pasipo kumwona kiboko akiwa hai bado hutamka jina la mnyama huyo anapotaka kujitambulisha yeye ni wa nani.

Kijana wetu aliwafuata wanyama hao hao watatu. Punda milia, ambaye Kiswahili kimemhesabu kuwa punda mwenye mistari, Kichina kimempandisha cheo: ni banma, farasi mwenye mistari. Kiboko ni hema, yaani farasi wa mto, sawasawa na walivyomwita Wagiriki wa kale, ilhali Kiswahili kimempa jina ambalo pia ni la mjeledi. Chui naye ni baozi. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo penye mtego unaonifanya niamini kwamba somo la Kichina lina mahali pake pa asili katika Kisii na Nyamira.

Neno baozi likitamkwa kwa silabi ya kwanza yenye sauti inayoporomoka ghafla kutoka juu, ni chui. Likitamkwa kwa silabi hiyo hiyo yenye sauti ya juu iliyonyooka, ni mkate wa kuvukizwa uliotiwa nyama ndani. Herufi za Kirumi ni zile zile. Kinachomtenga mnyama mkali na chakula cha asubuhi ni toni. Kimandarini kina toni nne, ukiachilia mbali ile hafifu isiyohesabiwa. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo. Sisi tunakazia silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Mswahili wa pwani anapoanza Kichina huanza kutoka sifuri katika jambo hili. Lakini Ekegusii ni lugha ya toni. Kitenzi kile kile, chenye viambishi vile vile, sauti ikipanda mahali badala ya kushuka, wakati unabadilika na maana inahama. Mtoto wa Keroka anaingia darasa la kwanza masikio yake yakiwa yamekwisha kufundwa kusikia kile ambacho mwanafunzi wa London hukihangaikia miaka miwili.

Sitaki kutia chumvi. Toni za Ekegusii, kama za lugha nyingi za Kibantu, ni za viwango vya juu na chini, na huhama kutoka silabi moja hadi nyingine kwa kanuni za kisarufi; za Kimandarini zina mkondo ndani ya silabi moja na zimefungamana na neno. Si kitu kimoja. Je, sikio la Mgusii humsaidia, au humpoteza kwa kumfanya asikie kiwango pale anapopaswa kusikia mkondo? Hilo ni swali halisi la utafiti. Maabara yake iko tayari: madarasa yote ya Kisii na Nyamira. Linahitaji kinasa sauti, subira, na mtu anayezijua lugha zote mbili.

Yule kijana alikuwa mtu huyo.

Tunapozungumzia toni za Ekegusii, inafaa pia tukumbuke ni nani aliyeziandika. W. H. Whiteley alichapisha uchunguzi wake wa mfumo wa njeo za Ekegusii huko Kampala mwaka 1960. Uchambuzi mpana wa toni za nomino na vitenzi vyetu ni tasnifu ya Carlos Nash ya mwaka 2011, iliyotoka katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1950, Robert na Barbara LeVine walikuja kutoka Marekani wakakaa miongoni mwetu, wakaandika namna Wagusii wanavyolea watoto. Sikatai kwamba wapo wana wa Gusii waliofanya kazi ya kusifiwa juu ya lugha yao. Ninachosema ni kuwa sisi ni watu tuliozoea kusomwa. Tunajua mgeni mwenye daftari anavyokaa kwenye kigoda, anavyouliza jina la kila kitu, anavyoondoka na kila kitu. Hatujajizoeza kuwa yule mwenye daftari.

Wachina walijizoeza zamani. Somo la Kiswahili lilianza kufundishwa katika chuo cha utangazaji cha Beijing mwaka 1960, na mwaka uliofuata katika chuo kikuu cha lugha za kigeni cha mji huo huo. Tarehe 1 Septemba 1961 Radio Peking ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Zingatia tarehe hizo. Bendera ya Kenya ilikuwa bado haijapandishwa, na tayari walikuwapo vijana wa Kichina waliokuwa wakizikariri ngeli zetu. Mwezi Januari 2006 redio ile ile, chini ya jina jingine, ilianza kusikika Nairobi kwenye masafa ya FM. Mwaka 2011 Watanzania walikuwa wakitazama kwenye televisheni ya TBC tamthilia ya Kichina kuhusu mke kijana na mama wakwe zake, wahusika wakigombana kwa Kiswahili safi. Aliyeitayarisha kazi ile alijua jambo ambalo mabalozi wengi hawalijui, kwamba mke na mama mkwe hawahitaji mkalimani wa utamaduni kutoka Beijing hadi Bukoba.

Si lugha peke yake. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking walianza kuchimba Mambrui na viunga vya Malindi mwaka 2010 wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakaipata sarafu ya zama za Yongle, mfalme wa ukoo wa Ming. Huko Juja, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kuna kituo cha pamoja cha utafiti kilichojengwa na Chuo cha Sayansi cha Uchina, na wataalamu wake wanakusanya na kuainisha mimea yetu. Hata mnyama wa kwanza wa nchi hii kuandikwa katika tarehe ya Uchina alichunguzwa kwa nia ya kisiasa. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme Yongle twiga; mwaka mmoja kabla, twiga mwingine alikuwa amefika kutoka Bengali. Watu wa jumba la mfalme wakadai kuwa ni qilin, mnyama wa ngano anayejitokeza pale tu nchi inapopata mtawala mwema. Mfalme aliyekinyakua kiti kwa upanga kutoka kwa mpwa wake hangeweza kupewa zawadi bora zaidi. Leo Wachina humwita twiga kwa jina la kawaida kabisa, changjinglu, kulungu wa shingo ndefu. Wajapani ndio waliobaki na kirin, jina lile la ngano. Mwanafunzi anayetaka kuona namna utamaduni, lugha, siasa na wanyamapori vinavyoweza kufungwa katika mzigo mmoja asitafute mfano mwingine. Na mzigo huo ulifungwa Malindi.

Sasa tujitazame sisi. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, ikiwa ya kwanza barani Afrika, kisha zikafuata za Kenyatta, Egerton na Moi. Iliyo karibu zaidi na Wagusii ni ile ya Egerton, huko Njoro. Mwaka 2019 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilitangaza kwamba Kimandarini kingekuwa somo la hiari katika shule za msingi kuanzia darasa la nne. Sizipingi hatua hizo, na kijana akijua lugha ya ziada hakuna aliyemwibia. Lakini kujifunza lugha ya mtu kwa kitabu alichokuandikia yeye, kutoka kwa mwalimu aliyemleta yeye, si sawa na kumfanyia utafiti. Taasisi hizo zinatufunza kumsalimu Mchina, kuandika jina lake kwa brashi, na kutambua sikukuu zake. Hazikuundwa ili zitufunze kumuuliza maswali magumu, nasi tusizilaumu kwa hilo. Kazi ya kuuliza ni ya vyuo vyetu.

Na maswali yapo. Uchina ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Kenya siku mbili baada ya sisi kupata uhuru, Desemba 1963. Kufikia mwaka 1965 tulikuwa tumekwisha kugombana nayo, na mwaka 1967 uhusiano ukateremshwa hadhi. Rais Moi alizuru Beijing mwaka 1980, na mwaka 1987 uwanja wa Kasarani, uliojengwa kwa msaada wao, ukafunguliwa. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa kwa mkopo wao. Sehemu ya mikataba ya reli hiyo ilitolewa hadharani Novemba 2022, na ndipo Wakenya wakasoma kwamba mzozo ukizuka utaamuliwa kwa usuluhishi huko Beijing. Magazeti yetu yalipiga kelele wiki mbili. Nilikuwa nikisubiri mmoja wa wasomi wetu atueleze namna mabaraza hayo ya usuluhishi yanavyofanya kazi, majarida ya sheria ya Kichina yanavyosema kuhusu mikopo kwa nchi za Afrika, na iwapo Wachina wenyewe wanakubaliana juu ya jambo hilo. Nilisubiri bure. Tulimpata mchambuzi mmoja baada ya mwingine aliyesoma yaliyoandikwa Washington na London kuhusu Beijing. Hiyo ni sawa na kumuuliza jirani habari za mkwe wako.

Mwenzangu mmoja idarani hupinga hoja yangu kwa maneno mazito, na ni haki nimsikilize hapa. Ekegusii chenyewe, asema, hakijapata walimu wa kutosha; watoto wa mji wa Kisii wanakipoteza; maktaba zetu hazina majarida; je, shilingi chache tulizonazo tuzimwage kwa Wachina? Tena, nani atakayelipa? Ukilipiwa na Beijing utaandika yanayoipendeza Beijing. Hoja ya pili ina uzito. Mtafiti anayekula kwenye sahani ya anayemchunguza hulazimika kutafuna polepole. Dawa yake ni vyuo vyetu kutenga nafasi mbili au tatu kila mwaka kwa fedha zetu wenyewe, hata kama ni kidogo, ili pawepo japo watu wachache wasiodaiwa shukrani na yeyote. Hoja ya kwanza siikubali. Ekegusii hakipungukiwi kwa kuwekwa kando ya Kichina. Kinyume chake, hakuna mwanafunzi aliyewahi kunikusanyia majina ya wanyama kutoka kwa wazee wa Bobasi na Bonchari kwa bidii kama yule kijana, kwa kuwa alihitaji kitu cha kulinganisha. Baadhi ya wazee waliomsimulia wameshatutoka. Yale waliyoyasema sasa yako katika maktaba ya Kichina, na mimi mwana wa lugha hiyo siwezi kuyafikia ila kwa hisani ya aliyeyaandika.

Nitatoa mfano mwingine, usiohusu sauti wala kamusi. Mwaka 2021 kundi la ndovu wapatao 15 lililokuwa limeihama hifadhi ya Xishuangbanna, kusini mwa mkoa wa Yunnan, lilifika kwenye viunga vya Kunming, mji wa mamilioni ya watu, baada ya kutembea kilomita zipatazo 500. Uchina nzima ina ndovu wa mwituni wapatao 300 tu. Mashamba yaliliwa, malango yalivunjwa, na serikali ikawahamisha watu, ikawatandazia ndovu mananasi na mahindi njiani ili kuwageuza, na bima ikawalipa wakulima. Mwezi Agosti kundi likarudi kusini, na hakuna mtu wala ndovu aliyeuawa. Sasa simama Nyangusu, mpakani mwa Kisii na Trans Mara, ambako upande wa pili uko msitu wa Nyakweri ambamo ndovu huzalia. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyama, na waulize waliofiwa wamesubiri kwa muda gani. Yunnan wanalipaje? Kwa bima ya nani? Mkulima wa huko husema nini kuhusu ndovu, wakati hakuna mwandishi wa habari karibu naye? Mwanafunzi wa Bomachoge anayejua Kichina angelipata majibu ambayo mbunge wake angeweza kuyapeleka bungeni.

Mwaka jana yule kijana alirejea likizo, nasi tukakutana Keroka, mji uliogawanywa na mpaka wa kaunti hizi mbili. Tuliagiza chai. Akaniuliza, kwa ule utundu wake wa zamani, iwapo wanafunzi wangu wanajua kwamba wanazungumza Kichina kila asubuhi. Neno cha lilitoka Uchina kwa njia za nchi kavu, Waajemi wakaliita chay, Wahindi chai, nasi tukalipokea kutoka kwa majirani hao wa bahari ya Hindi. Watu wa pwani ya Fujian waliita mmea huo huo te. Waholanzi wakalibeba neno hilo merikebuni, na hivyo Waingereza wakapata lao. Wanasayansi nao wakauita mmea Camellia sinensis, yaani wa Kichina. Mkulima anayepeleka majani yake kiwandani Kebirigo au Sanganyi anavuna mmea wa Uchina na kuuita kwa jina la Uchina. Kenya inaongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi. Uchina inaongoza kwa kuzalisha chai, nyingi yake ya kijani. Je, ni mangapi tumeyaandika kuhusu soko la watu hao, wanavyoionja chai, wanavyoisifu, maneno wanayoyatumia kuitofautisha nzuri na mbaya? Kijana alisema aliwahi kuuliza huko wauzaji wanafikiri nini kuhusu chai ya Kenya. Hawakuwa na neno la kuielezea isipokuwa nyekundu, kwa maana chai tuiitayo nyeusi wao huiita nyekundu.

Kisha akanikabidhi ile tasnifu. Nikamwomba anisomee ukurasa wa kwanza. Akausoma, akaufasiri moja kwa moja kwa Ekegusii, na watu wa meza ya jirani wakageuka kusikiliza. Alikuwa amewashukuru wazee wa Bonchari, mama yake, na walimu wake wa Kenya. Sikujua niangalie wapi. Nilipomuuliza atarudi lini nyumbani kabisa, alinijibu kwamba chuo kimoja cha huko kimempa kazi ya kufundisha Kiswahili, naye ameikubali.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa ningefundisha nini?"

Nikamwambia nataka kuanza kujifunza Kichina. Akacheka, akanipa somo la kwanza pale pale. Nililirudia jina la chui mara tano. Mara zote tano, akasema, nilikuwa nimeagiza mkate.

Jopo letu litakaa tena mwezi ujao. Msichana mmoja wa Mugirango Kusini ameleta pendekezo la kuchunguza sanaa ya mawe ya Tabaka kwa kuilinganisha na ile ya Qingtian, mkoani Zhejiang, ambako wachongaji wa Kichina nao huchonga mawe laini tangu karne nyingi. Nimelisoma pendekezo hilo. Lina kasoro katika sura ya mbinu za utafiti, na nimemwambia azirekebishe. Nimemwandikia mwenyekiti pia kwamba nitamsimamia mimi, nikisaidiwa kwa barua na mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyeko Uchina. Kichina changu kimefika maneno 200.